Sekretari za kale: umri peke yake si mtaji

Wanaofuatilia minada ya samani huko Uingereza na Marekani wamekwisha kuzoea kusikia kauli mbili kwa pamoja. Ya kwanza inasema kwamba bei za madawati ya kale ya aina ya sekretari zimeporomoka na hazijainuka. Ya pili, ambayo mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu yule yule, inasema kwamba kwa kuwa bei ziko chini, sasa ndio wakati wa kununua na kuweka, kwani kitu cha kale hakitengenezwi tena na siku moja lazima kipande.

Maoni ya safu hii ni kwamba kauli ya kwanza ni ya kweli na ya pili ni ya muuzaji. Mfanyabiashara mwenye duka, fundi na wateja anaweza kupata riziki yake katika sekretari za kale. Lakini mwekezaji mdogo anayetaka kuweka akiba ndani ya dawati, akitegemea umri wake umletee faida, anafunga fedha zake mahali ambapo kuzitoa kutamgharimu zaidi ya alivyoambiwa. Hesabu zake zinafanyika, na tutazifanya hapa.

Bidhaa yenyewe

Sekretari inayozungumzwa hapa si karani wa ofisini bali ni samani ya nyumbani. Chini ina droo tatu au nne. Juu ya droo kuna ubao wa mteremko unaofunguka kwa bawaba na kulala sawa ukawa meza ya kuandikia, ukishikiliwa na vipande viwili vya mbao vinavyovutwa kutoka kwenye kiwiliwili cha dawati. Nyuma ya ubao huo kuna vishubaka vya kuwekea barua na hati, pamoja na droo ndogo ndogo. Nyingi zina kabati la vitabu juu yake, lenye milango ya mbao au ya vioo. Mwenye nyumba akimaliza kazi hufunga ubao, akageuza ufunguo, na shughuli zote zikabaki ndani.

Samani hii ilikua pamoja na biashara. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya ng'ambo ya Atlantiki, na baada ya hapo mahogani kutoka Jamaika ikaingia London kwa wingi. Mwaka 1754 fundi Thomas Chippendale alichapisha kitabu cha michoro ya samani, yakiwemo madawati yenye makabati ya vitabu. Wanunuzi wa vitu hivyo walikuwa watu wenye barua nyingi za kujibu na hesabu nyingi za kutunza, yaani wenye mashamba, mawakili, wenye meli na wafanyabiashara. Wengi wao walifanyia kazi nyumbani, na sekretari ndiyo iliyokuwa ofisi yao.

Jambo hili lisisahaulike tunapoendelea. Sekretari ilipata bei kwa sababu ilikuwa chombo cha kazi. Mtu aliitaka kwa kuwa aliihitaji.

Bei ya kilele na bei ya kawaida

Tarehe 3 Juni, 1989, mnada wa Christie's mjini New York uliuza sekretari ya mahogani iliyotengenezwa Newport, Rhode Island, katika miaka ya 1760 kwa ajili ya mfanyabiashara Nicholas Brown wa Providence. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya fundi John Goddard. Bei ilifika dola za Marekani milioni 12.1, na hadi siku hiyo hakuna samani yoyote iliyokuwa imeuzwa mnadani kwa kiasi hicho. Waliouza walikuwa ukoo wa Brown wenyewe, waliohitaji fedha za kuikarabati nyumba yao ya kale. Januari 1999 Sotheby's, mjini humo humo, waliuza sekretari nyingine ya Newport, ya fundi Christopher Townsend, iliyoibuka Paris ikiwa na vishikio vya madini ya fedha. Hiyo ilichukua dola milioni 8.25.

Bei kama hizi ndizo zinazoandikwa magazetini, na ndizo anazozikumbuka mtu anapoonyeshwa dawati kuukuu lenye vishubaka. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Sekretari za Newport za daraja hilo ni chache na zinahesabika. Mafundi wake wanajulikana kwa majina, wamiliki wake wa kwanza wanajulikana, na wanaozigombania ni matajiri wachache na majumba ya makumbusho. Hilo ni soko lake peke yake. Bei yake haishuki ngazi kuja kulipandisha dawati la kawaida, kama vile bei ya almasi kubwa isivyopandisha bei ya kokoto.

Katika minada ya miji midogo ya Uingereza, dawati la kawaida la mahogani la karne ya 18, lenye ubao wa mteremko lakini bila kabati juu, ambalo katika miaka ya 1990 liliweza kuvuka pauni 1,000 bila shida, siku hizi huuzwa kwa pauni mia chache tu, na mara nyingine halifiki 200. Lenye kabati juu hupata zaidi, lakini nalo limeteremka vile vile. Hili ndilo soko ambalo mwekezaji mdogo ana uwezo wa kuliingia, na ndilo ambalo hasikii habari zake.

Hata kilele chenyewe kikipimwa kwa hesabu hakitishi. Dola milioni 12.1 za mwaka 1989, kama zingewekwa mahali zikakua kwa asilimia 5 kila mwaka, baada ya miaka 35 zingekuwa karibu dola milioni 67. Kwa samani za Kimarekani, bei ile ya mwaka 1989 haikuvukwa mnadani katika miaka 30 iliyofuata. Kwa maneno mengine, aliyenunua kitu bora kuliko vyote katika daraja lake alinunua pia mzigo wa kungoja.

Umri na uhaba ni vitu viwili

Wauzaji hupenda kuchanganya umri na uhaba. Forodhani, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao pia unatumika Afrika Mashariki, unaweka vitu vya kale vilivyozidi miaka 100 katika kifungu namba 9706. Tangu mwaka 2022 kifungu hicho kimegawanywa ili vile vilivyozidi miaka 250 vijitegemee. Huko Marekani sheria ya ushuru ya mwaka 1930 ilitaka kitu kiwe cha kabla ya mwaka 1830 ndipo kihesabiwe kuwa cha kale, na ni mwaka 1966 kipimo kilipobadilishwa kuwa miaka 100. Kwa hiyo jina la "kitu cha kale" ni mpaka uliochorwa na watu wa forodha. Kila mwaka unapopita, maelfu ya vitu vya kiwandani huuvuka mpaka huo bila kuwa adimu hata kidogo.

Mfano mzuri ni wa sabuni. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya Larkin ya Buffalo, New York, iliuza sabuni kwa njia ya posta na kumpa mnunuzi zawadi. Aliyeagiza sanduku la bidhaa la dola 10 aliweza kuletewa dawati la mwaloni lililoitwa Chautauqua kama zawadi. Watu walinunua sabuni, madawati yakaingia majumbani. Mpaka leo wafanyabiashara wa Marekani huziita Larkin zile sekretari za mwaloni zenye dawati upande mmoja na kabati la kioo upande wa pili, hata kama zilitoka kiwanda kingine. Nyingi zimekwisha kuvuka miaka 100. Kisheria ni za kale. Lakini kitu kilichogawiwa kama nyongeza ya sabuni hakiwezi kuwa adimu kwa sababu tu kimezeeka.

Mfano wa pili ni wa jina. Katika karne ya 20 viwanda vya Marekani vilitengeneza kwa wingi madawati ya kuiga mtindo wa kikoloni, yakauzwa kwa jina la Gavana Winthrop. John Winthrop, gavana wa Massachusetts, alifariki mwaka 1649, kabla ya mtindo huo wa dawati kuwapo. Jina lilikuwa la kuuzia. Hata hivyo hadi sasa yupo mwenye dawati la aina hiyo anayeamini kuwa ana mali ya enzi za gavana.

Kwa nini bei ziliteremka

Antique Collectors' Club ya Uingereza ilikuwa ikitayarisha kipimo cha mwenendo wa bei za samani za kale. Kipimo hicho kilianzia alama 100 mwaka 1968, kikapanda kwa zaidi ya miongo mitatu, kikafika kilele mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha kikaanza kuteremka. Aliyenunua mwaka 1968 na kuuza mwaka 2000 alivuna. Aliyenunua mwaka 2000 kwa kuonyeshwa mavuno ya mwenzake alipata hasara. Hii ndiyo hatari ya kutumia mwenendo wa jana kama dhamana ya kesho, na haihusu madawati peke yake.

Sababu za mteremko huo ziko katika upande wa mahitaji, kwani idadi ya madawati haikubadilika. Kwanza, ladha ya nyumba ilibadilika. Duka la kwanza la IKEA lilifunguliwa Marekani mwaka 1985 na Uingereza mwaka 1987, na mwaka 1996 kampuni hiyo ilitoa tangazo maarufu la kuwahimiza Waingereza kutupa vitambaa vyao vya maua vya mtindo wa kizamani. Kijana aliyepanga chumba kidogo mjini akaona ni rahisi kununua meza ya kuunganisha mwenyewe kuliko kupandisha kabati la mita mbili na zaidi ghorofani.

Pili, wanunuzi wa jumla kutoka Marekani, waliokuwa wakijaza makontena katika miji ya Uingereza, walipungua sana baada ya Septemba 2001.

Tatu, na hili ndilo kubwa kwa sekretari, kazi yake yenyewe iliondoka. Barua zilizosafirishwa Uingereza zilifika kilele cha takriban bilioni 20 katika mwaka wa fedha wa 2004/05. Katika mwaka wa 2022/23 zilikuwa zimeshuka hadi takriban bilioni 7. Vishubaka vya sekretari vilichongwa kwa ajili ya barua. Barua zilipohama kwenda kwenye simu na kompyuta, vishubaka vikabaki vitupu.

Wala hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1874 William Wooton wa Indianapolis alipata hataza ya dawati lenye milango miwili mikubwa na vishubaka zaidi ya 100. Rais Ulysses Grant alikuwa nalo, na tajiri wa mafuta John D. Rockefeller pia. Lilikuwa dawati la mtu mkubwa wa zama zake. Lakini mashine ya kupiga chapa ikaleta karatasi nyingi kuliko vishubaka, na katika miaka ya 1890 likaja kabati la faili za kusimama. Mzee mwenye dawati la Wooton akabaki na fahari, karani mwenye kabati la faili akawa anapata barua upesi zaidi. Teknolojia ya ofisi imekwisha kuiangusha samani hii mara mbili, na mnunuzi wa leo hana sababu ya kuamini kwamba haitaiangusha tena.

Hesabu ya mnada

Wahenga walisema biashara asubuhi, jioni mahesabu. Tuchukue mfano wa sekretari inayogongewa nyundo kwa pauni 400. Hiyo siyo bei atakayolipa mnunuzi. Nyumba za mnada humtoza mnunuzi ada juu ya bei ya nyundo, mara nyingi kati ya asilimia 20 na 30. Tuseme ni 25, basi amelipa pauni 500. Kusafirisha mzigo mzito wa aina hiyo, tuseme pauni 100. Fundi wa kurudisha vinia iliyobanduka, kufuli na bawaba, pauni nyingine 100. Sekretari imekwisha kusimama kwa pauni 700.

Sasa anataka kuuza. Mnada humkata muuzaji naye. Tuseme asilimia 15. Ili apate pauni zake 700 mkononi, nyundo lazima igonge takriban pauni 824. Maana yake ni kwamba bei ya soko inabidi ipande zaidi ya mara mbili, kutoka 400 hadi 824, ndipo mwekezaji wetu arudishe fedha alizotoa. Bado hajapata hata senti moja ya faida. Kama bei zingepanda kwa asilimia 5 kila mwaka bila kukosa, jambo ambalo halijaonekana katika soko hili kwa miaka 20 iliyopita, angengoja karibu miaka 15 ili afike pale alipoanzia.

Katika muda huo dawati halimlipi riba wala gawio. Badala yake linadai nafasi, bima na ulinzi dhidi ya wadudu wa mbao. Hisa zikianguka, mwenye hisa huweza kuuza nusu ya alizonazo. Mwenye dawati hawezi kuuza droo mbili akabaki na mbili.

Bandia na zile zilizoozeshwa

Kuna hatari nyingine ambayo haimo katika hesabu hizo. Katika biashara hii kuna kitu kinachoitwa dawati lililoozeshwa, yaani kabati la juu limetoka kwenye samani moja na dawati la chini limetoka kwenye nyingine, yakaunganishwa ili yauzwe kama kitu kimoja. Vyote viwili vinaweza kuwa vya kale kweli, lakini thamani inashuka sana.

Mnunuzi makini hutazama mgongo kwanza. Mbao za nyuma za juu na za chini zinatakiwa kufanana kwa aina, rangi na namna zilivyopasuliwa. Kisha huinua kabati na kutazama sehemu ya dawati iliyokuwa imefunikwa. Kama imepambwa kwa vinia safi na kung'arishwa, ina maana iliwahi kukaa wazi, na kabati lilikuja baadaye. Alama za msumeno wa mkono huwa zimenyooka. Alama za mviringo zinaonyesha msumeno wa mashine, ambao ni wa karne ya 19 na kuendelea. Skurubu zenye ncha kali za kiwandani zilienea baada ya miaka ya 1840, kwa hiyo kuzikuta katika kitu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1760 ni swali la kumuuliza muuzaji. Matundu ya ziada ndani ya droo yanaonyesha kuwa vishikio vimebadilishwa.

Je, ujuzi huo unatosha? Mwanzoni mwa mwaka 2015 ilionyeshwa New York sekretari iliyopambwa sana, iliyosemekana kutengenezwa mwaka 1876 kumkumbuka askari aliyeuawa katika vita vya Antietam mwaka 1862. Jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum la Hartford, Connecticut, liliinunua. Mwaka 2018 fundi mmoja wa Massachusetts alikiri kwamba aliitengeneza yeye mwenyewe. Kama jumba la makumbusho lenye wataalamu wake liliweza kuuziwa, mwekezaji mdogo anayenunua kwa kutazama picha nne za simu ajiulize ana kinga gani.

Suala la pembe

Kwa wasomaji wetu wa Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar wanaoagiza samani kutoka Uingereza kuna jambo la kisheria. Sekretari nyingi za karne ya 19 zimewekewa vipande vya pembe ya ndovu kuzunguka matundu ya funguo au kwenye vishikio vya droo ndogo. Pembe nyingi za ndovu wa bara letu zilizofika London wakati huo zilipitia Zanzibar, kwa hiyo kipande hicho kidogo huenda kinarudi kilikotoka.

Lakini hakirudi kwa uhuru. Sheria ya Pembe za Ndovu ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 6, 2022, imekataza biashara ya vitu vyenye pembe, isipokuwa vile vinavyoingia katika misamaha michache. Samani iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1947, ambayo pembe iliyomo haifiki asilimia 10 ya ujazo wake, inaweza kuuzwa ikiwa tu imeandikishwa, na ada ya kuandikisha ni pauni 20. Kuivusha mpakani kunahitaji vibali vya mkataba wa kimataifa wa CITES, ambao uliamua mwaka 1989 kuzuia biashara ya pembe za ndovu wa Afrika. Muuzaji anayesema "kipande chenyewe ni kidogo tu" hatakuwepo bandarini wakati kontena linafunguliwa.

Hoja ya upande wa pili

Wapo wanaosema kwamba katika nchi ambazo shilingi imeteremka mara nyingi, mwenye kitu amekuwa salama kuliko mwenye noti. Hoja hii ina uzito na safu hii haiipuuzi. Wengi waliokuwa na bati, saruji au kiwanja wakati shilingi ilipoteremka walinusurika kuliko wale waliokuwa na vitabu vya benki.

Tofauti ni kwamba bati na saruji vina mnunuzi kila siku na bei yake inajulikana kila duka. Kiwanja kinaweza kupangishwa au kulimwa. Sekretari ya Kiingereza iliyofika Mombasa haina soko la kila siku. Kinga dhidi ya kuteremka kwa fedha ni lazima iuzike siku ile unapohitaji ada ya shule au dawa. Dawati linalongoja mteja mmoja kwa miezi minane halikingi chochote. Zaidi ya hayo, vinia na gundi ya ngozi iliyokaa karne mbili katika baridi ya Uingereza haizoei haraka joto na unyevu wa pwani. Vinia huanza kubanduka na milango kukaza, na mchwa naye habagui mbao za kigeni.

Faida iko wapi

Pamoja na hayo yote, si kweli kwamba sekretari haina biashara. Faida ipo, lakini iko kwa mwenye ujuzi na iko katika umbo la samani yenyewe.

Fundi anayejua kurudisha vinia na kufungua gundi ya kale bila kupasua ubao anauza kazi yake, na kazi ina bei leo. Mwenye duka anayenunua kwa bei hizi za chini, akatengeneza na kuuza ndani ya miezi michache kwa mteja anayemfahamu, anafanya biashara ya kawaida ya mzunguko. Hangoji historia impandishie bei. Naye mtu anayetaka dawati la kutumia nyumbani yuko katika hali nzuri kuliko wote. Kwa pauni mia chache huko Uingereza anapata mahogani nzito, droo zilizounganishwa kwa mkono na kufuli, wakati meza mpya ya mbao za kubandika inaweza kumgharimu kiasi hicho hicho. Yeye analipia matumizi na anayapata tangu siku ya kwanza.

Aidha, tangu mwaka 2020, watu wengi walipolazimika kufanyia kazi nyumbani, umbo hili limepata sababu mpya. Kompyuta ya kupakata inakaa vizuri kwenye ubao wa sekretari, na jioni ubao unafungwa, sebule ikarudi kuwa sebule. Katika nyumba ya vyumba viwili ambamo mama anaendesha biashara ya vitambaa na watoto wanafanya kazi za shule, samani inayofungwa kwa ufunguo ikiwa na risiti na daftari la madeni ndani si anasa.

Hapa ndipo wenye mitaji midogo wangetazama. Michoro ya Chippendale ya mwaka 1754 haina mtu wa kuidai haki, na mtu yeyote anaweza kuitumia. Mafundi wa Keko wanatengeneza vitanda na makabati makubwa kuliko sekretari kila wiki. Sekretari nyembamba ya mninga, yenye tundu la waya nyuma, vishubaka vichache na kufuli imara, inaweza kutengenezwa kwa agizo, ikauzwa na fedha ikarudi kabla ya mwezi kwisha. Mtaji ule ule ambao ungelala ndani ya dawati moja la Kiingereza kwa miaka 15 ungezunguka mara nyingi.

Kwa hiyo ushauri wa safu hii ni huu. Anayetaka kununua sekretari ya kale kwa ajili ya nyumba yake na anunue, bei zinamfaa, ila akague mgongo, droo na pembe kabla ya kulipa. Anayetaka kuifanyia biashara aanze na fundi na mteja, kisha ndipo atafute dawati. Na yule anayeambiwa aweke akiba yake humo kwa sababu kitu cha kale lazima kipande, amwombe muuzaji jambo moja tu: akubali kwa maandishi kulinunua dawati hilo hilo baada ya miaka mitano kwa bei ile ile. Jibu atakalopewa litamweleza muuzaji mwenyewe anaamini kiasi gani hayo anayoyasema.